Boriti Moja Kila Mtu

Somo: 2 Wafalme 5:15–27 na 6:1–7

Kama una Biblia karibu, ifungue katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya tano, uweke kidole hapo, kwa maana tutafika. Kama uko jikoni unawasha moto, endelea na kazi yako, mimi nitakusimulia.

Lakini kwanza nataka kuzungumza juu ya jirani zetu Wakatoliki. Najua wengine mtasema, “Huyu mzee leo amepotea njia?” Sikupotea. Kuna mambo mengi ambayo sisi na wao hatukubaliani, na sitayaficha. Hata hivyo jirani akitengeneza ua wake vizuri, si dhambi kusimama barabarani na kutazama alivyofanya.

Jumapili tarehe 17 Novemba 2024, Rais William Ruto alihudhuria Misa katika kanisa Katoliki la Soweto, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi. Huo si mtaa wa matajiri. Siku hiyo Rais alitoa shilingi 600,000 kwa kwaya na kikundi kingine cha parokia, na shilingi milioni 2 za kujenga nyumba ya mapadre. Akaahidi milioni 3 nyingine, na basi la parokia. Gavana wa Nairobi naye akatoa shilingi 200,000 kwa kwaya. Kwa desturi zetu hapa Kenya, hiyo huitwa Jumapili njema. Watu hupiga makofi na vigelegele, na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi hurudi nyumbani akipiga mluzi.

Kesho yake, Jumatatu, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu la Nairobi akatoa taarifa. Fedha zile zirudishwe kwa waliozitoa. Zile milioni 3 na basi havitapokelewa. Alieleza kwamba kanisa lazima lilindwe lisitumiwe kwa faida ya siasa, na kwamba michango ya namna ile haipatani na maagizo ya kanisa, wala na mswada wa sheria wa mwaka huo juu ya michango ya hadhara.

Ili tuelewe uzito wa jambo hili, tukumbuke mambo mawili yaliyotangulia. Tarehe 5 Julai mwaka huo huo, baada ya vijana kuandamana barabarani, Rais mwenyewe alitangaza kwamba maofisa wa serikali wasishiriki tena katika harambee na michango ya hadhara. Tena siku tatu tu kabla ya Misa ile, maaskofu Wakatoliki wa Kenya walikuwa wametoa taarifa kali, wakilaumu uongo, ufisadi, na utekaji nyara wa raia. Basi fikirini. Alhamisi kanisa limesema. Jumapili bahasha imefika. Je, Jumapili inayofuata kanisa lingesema kwa sauti ile ile?

Mimi sisemi kwamba aliyetoa alitoa kwa moyo mbaya. Moyo wa mtu hauko mkononi mwangu niupime. Twende sasa kwa Elisha, maana yeye alikutana na mtoaji ambaye moyo wake ulikuwa mwema kabisa.

Naamani alikuwa jemadari wa jeshi la Shamu, mtu mkubwa katika serikali, lakini alikuwa na ukoma. Alijichovya mara saba katika Yordani akapona. Akarudi na msafara wake wote, akasimama mbele ya nabii, akamwomba apokee zawadi. Alikuwa amebeba talanta kumi za fedha, vipande elfu sita vya dhahabu, na mavazi kumi. Talanta moja ilikuwa na uzito wa kilo thelathini na zaidi, kwa hiyo fedha peke yake ilizidi kilo 300. Ndugu zangu, hiyo ni harambee nzima imefika mlangoni bila kadi na bila kamati!

Elisha aliapa kwa jina la Bwana kwamba hatapokea kitu. Naamani akamsihi. Elisha akakataa. Fedha ile haikuwa chafu, na shukrani ya Naamani ilikuwa ya kweli. Lakini kama Elisha angepokea, Naamani angerudi Shamu akidhani amemaliza deni, amelipa bei ya uponyaji, na nabii wa Israeli angekuwa mtu aliyekwisha kulipwa na jemadari wa Shamu. Vita kati ya Shamu na Israeli havikuwa vimekwisha. Soma mbele kidogo katika sura ya sita, utaona jeshi la Shamu likizunguka mji usiku ili kumkamata Elisha huyu huyu. Siku ile alihitaji kuwa mtu asiyedaiwa na upande wowote.

Sasa nyuma ya Elisha alisimama Gehazi, mtumishi wake, akihesabu. Gehazi naye aliapa kwa jina lile lile la Bwana, kwamba atapiga mbio amfuate Mshamu yule apate kitu kwake. Naamani alipomwona anakuja mbio, akashuka garini amlaki. Na Gehazi alisema nini? Hakusema, “Nataka fedha.” Alisema kwamba vijana wawili, wana wa manabii, wamefika sasa hivi kutoka nchi ya milima ya Efraimu, basi wapewe talanta moja na mavazi mawili. Naamani, kwa ukarimu wake, akampa talanta mbili.

Vijana maskini wa chuo cha Biblia! Gehazi hakutafuta kisingizio kibaya, alitafuta kizuri. Wana wa manabii walikuwa maskini kweli. Katika sura ya nne mjane wa mmoja wao anadaiwa hata watoto wake wanataka kuchukuliwa watumwa. Shida ilikuwa ya kweli, ila hakuna hata mmoja wa wana wa manabii aliyemtuma Gehazi.

Hapa lazima niwaambieni habari yangu mwenyewe, ingawa sipendi kuisema.

Nimekuwa mzee wa kanisa na mhazini kwa miaka mingi. Wakati mmoja ushirika wetu ulikuwa unajenga nyumba ya mchungaji. Kuta zilifika kwenye linta zikasimama miaka miwili, nyasi zikaota ndani, mbuzi wakapata mahali pa kujikinga mvua. Ndipo tukaalika mgeni wa heshima. Alikuja na marafiki zake, akatoa bahasha iliyotosha mabati yote, milango na madirisha. Orodha ya michango ilisomwa kwa kipaza sauti, wa kiasi kikubwa wakitangulia. Waliobaki walisomwa pamoja kwa jina moja, “marafiki na wasamaria wema.” Kulikuwa na mama mjane aliyeleta mayai sita. Mayai yake yalipigwa mnada mara nne, yakaleta fedha nyingi kuliko bei ya kuku aliyeyataga. Lakini jina lililotajwa lilikuwa la mnunuzi.

Nyumba ikaisha. Mchungaji akahamia. Tulifurahi, na hatukukosea kufurahi.

Miaka miwili ikapita. Asubuhi moja tukakuta uwanja ambao watoto wa chekechea walikuwa wakichezea umezungushiwa waya na vigingi vipya. Kila mtu alijua waya ni wa nani, na hakuna aliyesema. Jumamosi jioni mchungaji akaja kwangu, mahubiri yake mkononi. Akaniambia, “Mzee, kesho nitasoma habari za shamba la mizabibu la Nabothi.”

Nikamjibu, “Mchungaji, utasoma habari za Nabothi, kisha urudi kulala chini ya mabati ya nani?”

Alinyamaza. Akakunja ile karatasi akaitia mfukoni. Jumapili alihubiri juu ya upendo. Yalikuwa mahubiri mazuri, watu walimshika mkono mlangoni, nami leo sikumbuki hata neno moja.

Yule mtoaji hakututumia mtu, wala hakuandika barua. Hakuwa na haja. Mimi nilifanya kazi yake bila kutumwa. Ndiyo sababu nikisoma habari za Gehazi siwezi kumcheka.

Basi nilipoisoma taarifa ile ya Nairobi, nilitaka kujua ni nini kinachomwezesha askofu kufanya hivyo. Nikaona kwamba sheria ya kanisa lao, iliyotolewa mwaka 1983, ina kifungu juu ya sadaka, namba 1267. Kinasema kwamba sadaka iliyotolewa na waumini kwa kusudi fulani itumike kwa kusudi hilo tu. Kinasema pia kwamba sadaka isikataliwe pasipo sababu ya haki, na mambo yakiwa makubwa, mkubwa wa kanisa ndiye atoe ruhusa. Maana yake kukataa si jambo la kila siku kwao. Ni jambo zito, na linaamuliwa juu.

Hapo niliona hekima. Padre wa parokia, ambaye ndiye angelala katika nyumba ile, hakuachwa asimame peke yake mbele ya msafara wa magari na kusema, “Hapana, asante.” Mkubwa wake alilichukua neno hilo gumu akalisema mwenyewe. Kwetu mara nyingi mchungaji husimama peke yake na bahasha, na mzee kama mimi yuko nyuma yake akihesabu. Kama sinodi zetu na halmashauri zetu zina agizo juu ya jambo hili, lisomwe kwa sauti. Kama hazina, liandikwe kabla mgeni hajafika, kwa maana akishakuja umechelewa.

Sisemi kwamba sisi Waprotestanti hatukufanya lolote. Tarehe 12 Septemba 2021, huko Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Anglikana aliwazuia wanasiasa kusema katika ibada, na wakubwa wa nchi wakiwa wameketi pale. Wakatoliki wakatoa agizo linalofanana siku chache baadaye. Hapo sisi ndio tuliotangulia. Lakini kumnyima mtu kipaza sauti hakugharimu shilingi hata moja. Kumrudishia fedha kunagharimu.

Na gharama hiyo hulipwa na nani? Hapa ndipo nilitaka tufike tangu mwanzo. Magazeti yalimsifu Askofu Mkuu, au yalimlaumu, kisha yakaendelea na habari nyingine. Lakini fedha ya nyumba ya mapadre ikirudi kwa mwenyewe, haja ya nyumba hairudi naye. Inabaki pale pale parokiani, ikiwatazama watu wa Soweto.

Sasa ondoa kidole chako katika sura ya tano, ugeuze ukurasa. Sura ya sita inaanza na nini? Wana wa manabii wanakuja kwa Elisha wanamwambia kwamba mahali wanapokaa naye ni padogo, panawasonga. Jamani! Ukurasa mmoja tu umepita tangu zile kilo 300 za fedha zilipotoka mlangoni. Kama ningekuwa mmoja wa vijana wale, ningemwambia, “Baba, tuliona magari ya Naamani yakiondoka.” Wao hawakusema hivyo. Walisema, twende Yordani, tutwae huko kila mtu boriti moja, tujijengee mahali pa kukaa. Wakamwomba Elisha afuatane nao, naye akakubali, akaenda pamoja nao msituni.

Hata shoka moja walilokwenda nalo lilikuwa la kuazima. Tunalijua kwa sababu lilitumbukia mtoni, na kijana akalia kwa uchungu kwamba si lake. Huo ndio umaskini wa watu waliokataa fedha ya Naamani. Na Mungu, ambaye hakuwaletea talanta kumi, aliwaelezea kile chuma juu ya maji ili kazi iendelee.

Kila mtu boriti moja. Tuifanyie hesabu, maana mimi ni mhazini na bila hesabu silali. Tuchukue kanisa lolote lenye watu elfu moja. Kila mmoja aweke shilingi 50 kila Jumapili, juu ya sadaka yake ya kawaida. Jumapili moja ni shilingi 50,000. Mwaka una Jumapili 52. Jumla ni shilingi 2,600,000. Ni sawasawa kabisa na ile 600,000 na zile milioni 2 ambazo Rais alizitoa siku ile. Sikuipindisha hesabu. Nilipoiona mara ya kwanza niliirudia kwa kalamu.

Najua kuna nyumba ambazo shilingi 50 ni unga wa jioni. Ndiyo maana nasema boriti moja, wala si miti kumi, na asiye na boriti ashike kamba. Lakini wengi wetu tunaoimba kwa nguvu “kanisa lisiuzwe” tunaweka kapuni sarafu ile ile tuliyoweka wakati mkate ulikuwa nusu ya bei ya leo. Mwisho wa mwaka kamati inashindwa, inakata shauri kualika mgeni, na sisi tunainung'unikia kamati. Wakatoliki wana jumuiya zao ndogo ndogo, nyumba kadhaa za jirani zinazokutana kusali, na humo michango mingi ya parokia hukusanywa mkono kwa mkono na watu wanaojuana. Huko hakuna mgeni wa heshima. Mtu akiwa na shida mwezi huo, jirani zake wanajua, hawamtangazi.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Mwaka 1971, Mchungaji John Gatu, katibu mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, alisimama huko Marekani mbele ya watu ambao makanisa yao yalikuwa yakituletea wamisionari na fedha, akawaomba wasimamishe kuvileta kwa muda, ili makanisa ya hapa yajifunze kusimama kwa miguu yake. Wengi walikasirika, huko na hapa. Lakini neno Jitegemea likashika katika kanisa lile, na washiriki wakaanza kutoa kuliko walivyojua kwamba wanaweza. Nani angefikiri kwamba baada ya kujifunza kusimama bila fedha ya ng'ambo, tungejifunza tena kuegemea fedha ya mheshimiwa?

Mtu ataniuliza, je, kiongozi wa serikali asitoe sadaka? Atoe! Yeye pia ni mshiriki, na kapu linapita hata kwenye benchi lake. Aweke mkono kama sisi wengine, kapu liendelee mbele, mimi mhazini nihesabu bila kujua noti ipi ni ya nani.

Nimalizie habari ya kwetu. Mchungaji yule alihamishwa. Waya bado uko, na watoto wanacheza kando ya barabara. Baadaye tulihitaji kujenga chumba cha shule ya Jumapili. Katika kikao cha wazee jina la mgeni wa heshima likatajwa. Nikaomba ruhusa ya kusema, nikawaeleza yale niliyomwambia mchungaji Jumamosi ile. Hawakuwa wakiyajua. Palikuwa na kimya kirefu. Kisha tukakubaliana: bati moja kila nyumba, hakuna mgeni, na orodha isomwe kwa alfabeti bila kiasi.

Ilituchukua miezi kumi na minne. Kwa bahasha ingekuwa mchana mmoja. Yule mama wa mayai alikuja ofisini na fedha zimefungwa katika ncha ya leso. Akazihesabu mezani mara mbili, akaniuliza, “Mwanangu, kanisa hupokea nusu bati?”

Nikamwandikia risiti kwa majina yake yote matatu.

Na tuombe. Ee Bwana, uwakumbuke watu wa Soweto pamoja na mapadre wao, na kila ushirika wenye kuta zilizosimama kwenye linta. Uwe na mhazini anayehesabu sarafu usiku huu na kuona hazitoshi. Mchungaji aliyekunja karatasi yake, umrudishie neno lake. Nasi uliotupa kidogo, utuonyeshe boriti iliyo yetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.